Kuuliza Kabla ya Kutuma: Upimaji wa Uwezo wa Mifumo ya Mbali ya Barua Pepe Kupokea Ujumbe wa Bainari

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mfumo mmoja wa barua pepe unavyoweza kujua, kabla ya kutuma, iwapo mfumo ulio mbali una uwezo wa kupokea ujumbe wa bainari bila ya kuuharibu. Suala hili limezoeleka kuachiwa mafundi wa kompyuta. Hata hivyo, linamgusa mtaalamu wa Kiswahili kwa njia isiyoonekana upesi, na kilicholificha ni tahajia ya Kiswahili yenyewe.

Kiswahili Sanifu, kama kilivyoratibiwa tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama yoyote juu wala chini. Hata sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe, ambayo mwanafonetiki angeiandika kwa alama moja ya pekee, imetosheka kwa n, g na ritifaa. Herufi hizo zote zimo katika ASCII, orodha ya alama 128 iliyotolewa Marekani mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo miaka michache baadaye. Alama 128 hutoshea katika biti saba. Itifaki ya SMTP, iliyoelezwa na Jonathan Postel katika waraka RFC 821 wa Agosti 1982, na ambayo barua pepe ya intaneti bado imesimama juu yake, iliahidi kubeba biti saba tu, ingawa kompyuta zenyewe zilihifadhi kila herufi katika baiti, yaani kundi la biti nane. Mfumo uliokutana na biti ya nane ulikuwa na haki ya kuikata.

Kiswahili Sanifu hakikuwa na cha kukatwa. Lugha nyingine zilikuwa nacho. Herufi é ya Kifaransa, katika orodha ya ISO 8859-1, ni baiti namba 233. Ikikatwa biti ya nane hubaki 105, ambayo ni herufi i. Neno université hugeuka universiti. Barua ya mwandishi wa Lubumbashi aliyezoea kuchanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja ingeweza kufika Kiswahili chake kikiwa kizima na Kifaransa chake kikiwa na majeraha, naye asijue hadi ajibiwe.

Lakini usalama huo ulikuwa wa Kiswahili Sanifu kilichopigwa chapa, si wa Kiswahili chote. Katalogi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, iliyoorodhesha hazina ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu vitu viwili: miswada na kanda za sauti. Vyote viwili vikitiwa katika kompyuta huwa bainari. Hali ni hiyo hiyo kwa picha ya ukurasa wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa rekodi ya masimulizi ya mzee wa Pate, na kwa data ya lahaja iliyonukuliwa kwa alama za kifonetiki. Kwa hiyo mtafiti ambaye barua zake za kawaida hazikuwahi kuharibika ndiye aliye katika hatari ya kuamini kwamba njia ni salama, kisha akaipitisha humo data isiyoweza kurekodiwa tena.

2.0 Dhana ya Bainari

Istilahi inahitaji kutazamwa kwanza. Neno jozi linafaa kueleza mfumo wa namba wenye tarakimu mbili, 0 na 1. Katika taaluma ya barua pepe neno hilo linapotosha, kwa sababu kila ujumbe, hata salamu ya mstari mmoja, umeundwa kwa 0 na 1. Tofauti inayokusudiwa hapa haiko katika namba bali katika masharti ambayo maudhui yamekubali kuyafuata. Ndiyo maana makala haya yanatumia neno bainari, na kuliwekea maana finyu.

Maana hiyo inatokana na waraka RFC 2045 wa Novemba 1996, ulioandikwa na Ned Freed na Nathaniel Borenstein, ambao ni sehemu ya mfumo wa MIME ulioanza kutangazwa mwaka 1992. Waraka huo unatofautisha daraja tatu za maudhui. Daraja la kwanza ni la biti saba: hakuna baiti inayozidi 127, hakuna baiti ya sifuri, na kila mstari hauzidi baiti 998 bila ya kuhesabu alama mbili za mwisho wa mstari. Daraja la pili, la biti nane, linaruhusu baiti zinazozidi 127, lakini sharti la mistari linabaki pale pale. Daraja la tatu ndilo bainari: baiti yoyote, kwa mpangilio wowote, bila mistari.

Kosa linalojirudia sana ni kulichukua daraja la pili kuwa ni la tatu. Maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, yakihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, ni ya daraja la pili: baiti zake nyingi zinazidi 127, ila yana mistari kama maandishi yoyote. Faili ya sauti au picha haina mistari. Ndani yake alama ya kushuka mstari inaweza kutokea popote, kwa kuwa baiti namba 10 humo si mwisho wa mstari bali ni kipande cha sauti au rangi. Mfumo unaojua kuhifadhi biti ya nane lakini ukarekebisha miisho ya mistari kwa nia njema utaufikisha utenzi salama na kuiharibu picha ya ukurasa ule ule.

Uharibifu wa aina ya kwanza unaweza kuonekana kwa macho. Herufi ba ya Kiarabu katika UTF-8 ni baiti mbili, 216 na 168. Zikikatwa biti ya nane hubaki 88 na 40, yaani X na mabano ya kufungua. Kwa kuwa herufi za msingi za Kiarabu huanza ama kwa baiti 216 ama kwa 217, shairi zima hufika likiwa msururu wa X na Y zilizofuatana na alama za nukta, mabano na tarakimu. Alama ya kifonetiki ŋ hugeuka E ikifuatwa na alama ya udhibiti isiyoonekana. Uharibifu wa aina ya pili hauonekani hivyo: faili hukataa kufunguka, au hufunguka nusu.

Hata Kiswahili Sanifu kina mlango mmoja ulio wazi. Programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, nayo haimo katika ASCII. Hapo ndipo wasomaji walipoanza kuona ng=92ombe au ng=E2=80=99ombe katika barua. Si makosa ya mwandishi. Ni namna ya usimbaji ambayo programu ya mpokeaji haikuifumbua.

3.0 Swali na Jibu

Katika SMTP ya mwaka 1982 mtumaji alijitambulisha kwa amri ya HELO na kupewa ruhusa ya kuendelea. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza uwezo wa mwenziwe. Nafasi hiyo ilitolewa Februari 1993 kwa waraka RFC 1425, ulioleta amri mpya ya EHLO. Siku hizo ilitoka pamoja na nyongeza ya kwanza ya maana, 8BITMIME, inayohusu daraja la pili. Nyongeza zinazohusu daraja la tatu, CHUNKING na BINARYMIME, zilielezwa na Greg Vaudreuil mwaka 1995 katika RFC 1830 na kuboreshwa Desemba 2000 katika RFC 3030.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Katika mfano ufuatao M ni mtumaji na P ni mpokeaji:

P: 220 barua.chuo.example ESMTP
M: EHLO maktaba.example
P: 250-barua.chuo.example
P: 250-SIZE 52428800
P: 250-8BITMIME
P: 250-CHUNKING
P: 250 BINARYMIME

Kistari baada ya 250 kinaonyesha kwamba jibu linaendelea. Nafasi tupu katika mstari wa mwisho inaonyesha kwamba limekwisha. Mtumaji anatakiwa asome orodha yote kabla ya kuamua. Akiliona jina BINARYMIME pamoja na CHUNKING, ana idhini. Akiona 8BITMIME peke yake, ana idhini ya daraja la pili tu. Mfumo wa zamani usioijua EHLO hujibu kwa namba ya kukataa, kama vile 500 au 502. Mtumaji hurejea kwenye HELO na kuhesabu kwamba hakuna nyongeza hata moja. Katika ndoa za pwani kimya cha mwari huhesabiwa kuwa ridhaa. Katika SMTP ni kinyume: ambacho hakikutajwa kimekataliwa.

Idhini ikipatikana, mtumaji hutangaza aina ya mzigo wake kwenye bahasha:

M: MAIL FROM:<mhifadhi@maktaba.example> BODY=BINARYMIME

Kisha, baada ya kumtaja mwandikiwa, hatumii amri ya kawaida ya DATA. Hili ndilo lililo muhimu kiufundi katika mpango mzima. Kwa DATA, ujumbe huhesabiwa kuwa umekwisha pale inapotokea nukta iliyo peke yake katika mstari. Kwa hiyo mstari wowote wa barua unaoanza kwa nukta lazima uongezewe nukta ya pili njiani na kupunguziwa upande wa pili. Utaratibu huo unategemea mistari, na bainari haina mistari. Mahali pake imewekwa amri ya BDAT, ambayo hutanguliza idadi:

M: BDAT 48213 LAST

Baada ya hapo mpokeaji huhesabu baiti 48213 bila ya kuzitazama sura, na kazi imekwisha. Tofauti ni kama ya mwenye duka anayemimina mchele hadi mteja aseme basi, na yule anayepima kwa mizani. Kutangaza BINARYMIME kisha kutumia DATA ni kosa, na mpokeaji anayefuata kanuni hujibu 503. Udhaifu wa kutegemea alama ya mwisho ulidhihirika tena Desemba 2023, watafiti wa usalama walipoonyesha kwamba mifumo miwili isiyoafikiana juu ya umbo la mwisho wa ujumbe inaweza kulaghaiwa ikaichukua barua moja kuwa mbili.

Mpokeaji asipotangaza uwezo, mtumaji hubaki na njia mbili halali. Anaweza kuugeuza ujumbe kuwa wa daraja la chini, au anaweza kuurudisha kwa mwenyewe pamoja na taarifa ya kushindikana. Kuutuma hivyo hivyo na kutumaini heri si mojawapo.

4.0 Mipaka ya Ahadi

Jibu la EHLO ni ahadi ya mfumo mmoja kwa mwingine, katika mazungumzo yale yale. Halisemi chochote juu ya mwandikiwa wa mwisho. Rekodi za MX, zilizoanzishwa mwaka 1986, humwelekeza mtumaji kwenye kompyuta inayopokea barua za anuani fulani. Hazielezi kompyuta hiyo inaweza nini. Wala hakuna daftari la pamoja la uwezo wa mifumo ambalo mtumaji angeweza kulifungua. Kila hatua ya safari ina swali lake.

Historia ya mawasiliano ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki inalieleza jambo hili vizuri kuliko michoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET uliunganisha vituo vya kompyuta vya vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa barua pepe iliyosafiri kwa simu. Vituo vingi vya FidoNet barani Afrika viliufikia ulimwengu wa intaneti kupitia lango la GreenNet jijini London. Barua ililala kituoni hadi simu ipigwe. Mtumaji aliyekuwa Ulaya hangeweza kuiuliza kompyuta ya Makerere lolote, kwa kuwa wakati wa kutuma kompyuta hiyo haikuwa hewani. Aliyeweza kuulizwa ni jirani yake tu. Leo hatua zote zinaweza kukamilika katika sekunde chache, na wepesi huo umewafanya wengi wadhani kwamba wanazungumza na mwisho wa njia. Bado wanazungumza na jirani.

Jirani anayetangaza 8BITMIME anachukua dhamana: akipokea biti nane na kituo kinachofuata hakizijui, ni juu yake kuugeuza ujumbe au kuurudisha. Si wote waliochukua dhamana hiyo kwa uzito. Programu ya qmail, ambayo toleo lake 1.03 lilitoka mwaka 1998, ilitangaza 8BITMIME ikiwa inapokea, lakini ilipotuma haikuuliza wala haikugeuza; ilipitisha biti zote nane kama zilivyo. Hoja ya upande huo ilikuwa kwamba mifumo inayokata biti ya nane ilikuwa imekwisha kuwa michache mno. Huenda hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa barua nyingi, lakini ilimnyima mwenye mswada taarifa ya kushindikana, ambayo ndiyo iliyokuwa haki yake.

Kugeuza nako kuna gharama. Usimbaji wa base64 huchukua baiti tatu na kuziandika kwa herufi nne zilizochaguliwa kutoka herufi 64 zisizoharibika hata katika mifumo isiyotumia ASCII. Picha ya baiti milioni 9 huwa herufi milioni 12, na mistari ikikatwa kila herufi 76 jumla hufika karibu milioni 12.3. Kwa simu yenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde, tofauti hiyo peke yake ni kiasi cha dakika 46 za simu ya kimataifa. Ndipo inapoeleweka kwa nini wabuni wa miaka ya 1990 walijali bainari.

Gharama nyingine ni ya uthibitisho. Ujumbe uliotiwa saini ya kidijitali, kisha ukageuzwa usimbaji na kituo cha katikati kilichofuata kanuni zote, hufika na saini iliyovunjika. Kwa sababu hiyo RFC 1847 ya mwaka 1995 iliagiza kwamba maudhui yanayotiwa saini yawe ya biti saba tangu mwanzo, na RFC 6376 ya mwaka 2011, inayohusu saini za DKIM, inashauri vivyo hivyo. Hapa pana kinaya: kadiri barua pepe ilivyozidi kuhitaji kuaminika, ndivyo ilivyorudi kwenye biti saba ilizotaka kuziacha. Programu ya Postfix ilipoongezewa BDAT katika toleo 3.4 la mwaka 2019, ilikubali CHUNKING bila ya BINARYMIME. Base64 imeshinda kwa sababu haihitaji kumuuliza mtu.

5.0 Upimaji

Kupima jirani ni rahisi. Mtu hufungua mawasiliano na mlango namba 25 wa kompyuta iliyotajwa katika rekodi ya MX, huandika EHLO, husoma orodha, kisha huaga kwa QUIT. Yapo mambo matatu ya kutahadhari nayo. Mitandao mingi ya majumbani huzuia mlango huo, kwa hiyo kukosa jibu si ushahidi wa kukosa uwezo. Pili, baada ya amri ya STARTTLS, inayoanzisha mawasiliano ya siri, mtumaji analazimika kuisahau orodha ya kwanza na kuuliza upya. Orodha ya pili inaweza kuwa tofauti, na ndiyo inayohesabiwa. Tatu, baadhi ya vifaa vya ulinzi wa mtandao hukaa katikati na kufuta majina ya nyongeza visivyozijua. Jibu linalosomwa linaweza kuwa la mlinzi wa lango na si la mwenye nyumba.

Kupima njia nzima kunahitaji kutuma kitu kinachojulikana. Faili ya majaribio inayofaa ina baiti zote 256 kuanzia sifuri, ina mfululizo wa zaidi ya baiti 998 usio na mwisho wa mstari, ina alama ya kushuka mstari isiyoambatana na mwenzake, ina mstari unaoanza kwa nukta, na mstari mwingine unaoanza kwa neno From, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya kuhifadhi barua huliongezea neno hilo alama mbele yake. Kabla ya kutuma, mtumaji hukokotoa jumla ya SHA-256 ya faili na kumpa mwandikiwa kwa njia nyingine, kwa mfano kwa simu. Mwandikiwa hukokotoa yake. Kuangalia ukubwa wa faili hakutoshi, kwani biti inaweza kukatwa katika kila baiti na idadi ya baiti isibadilike hata kwa moja.

Jaribio lifanywe mara mbili: mara moja faili ikiwa katika base64, na mara moja ikiachiwa mfumo uipeleke kama bainari ikiwa jirani ameikubali. La kwanza likifaulu na la pili likashindwa, njia inafaa kwa kazi mradi mhifadhi asitegemee mifumo imfanyie usimbaji. Yote mawili yakishindwa, kasoro huenda iko kwenye programu ya mwanzo au ya mwisho na si njiani.

Mahali pa kasoro hutafutwa katika vichwa vya Received vya barua iliyofika. Kila kituo huongeza chake juu ya vilivyotangulia, kwa hiyo husomwa kuanzia chini kwenda juu. Penye neno ESMTP, EHLO ilitumika. Penye SMTP tupu, mtumaji wa hatua hiyo alitumia HELO na hakupewa orodha yoyote, na hapo ndipo pa kushukiwa kwanza. Kituo kinachotumia programu ya sendmail kikiwa kimegeuza usimbaji huacha kichwa kinachoanza kwa X-MIME-Autoconverted, chenye kutaja daraja la awali, daraja jipya na jina la kompyuta iliyofanya hivyo.